Nuru Isiyotulia: Vitenzi vya Kiswahili na Kubadilika kwa Mng'aro wa Eksirei katika Jozi za Mashimo Meusi



1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa liliendeshwa na Waitalia; setilaiti iliyobebwa, yenye uzito wa kilo 140 hivi, ilikuwa ya Marekani. Mkuu wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Malindi ipo takriban nyuzi 3 kusini ya ikweta, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepukana na eneo la chembe zenye umeme lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo huvuruga vipimo. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutumwa angani kwa kazi moja tu: kuchunguza vyanzo vya eksirei vilivyo mbali na dunia. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na vipimo vyake vikazaa orodha ya vyanzo 339.

Hivyo ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika historia ya astronomia. Hata hivyo, liliingia kama jina tu. Yote yaliyoonwa na chombo hicho yalielezwa kwa lugha nyingine, na hasa yalielezwa kwa vitenzi vya lugha nyingine. Jina lilikwenda, vitenzi vilibaki pwani.

Mhadhara huu unashughulikia vitenzi hivyo. Hoja yake ni moja. Shimo jeusi lililo katika jozi ya nyota halionekani. Darubini zilizopata taswira ya shimo jeusi kubwa mno la galaksi M87, iliyotangazwa mwaka 2019, haziwezi kupambanua kitu kidogo kama hiki. Mengi yanayojulikana kulihusu yametokana na jinsi mng'aro wa eksirei unavyopanda na kushuka kadiri wakati unavyopita. Kwa hiyo, anayetamka kitenzi cha kueleza kupanda na kushuka huko amekwisha kuchagua nadharia, ajue au asijue. Istilahi isiyopimwa kwa kipimo hiki inaweza kuwa Kiswahili fasaha na sayansi potofu kwa wakati mmoja.

2.0 Jozi na Chanzo cha Mng'aro

Jozi inayozungumziwa ni shimo jeusi na nyota ya kawaida, vikizungukana. Baadhi ya watu husema nyota pacha. Neno pacha lina sifa ya kueleza kuzaliwa pamoja, lakini huelekeza fikra kwenye kufanana, na wenza hawa hawafanani hata kidogo. Jozi hueleza kufungamana bila kudai kufanana. Ndilo litakalotumika hapa. Ile nyota ya kawaida itaitwa nyota mwenza.

Gesi ya nyota mwenza huvutwa kuelekea shimo jeusi. Kwa kuwa ina mwendo wa kuzunguka, haianguki moja kwa moja, bali hutandaa ikawa sahani inayozunguka, huku ikizama ndani polepole. Msuguano ndani ya sahani huipasha moto, na karibu na shimo jeusi joto hufikia mamilioni ya nyuzi. Gesi yenye joto la namna hiyo hutoa eksirei. Angahewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisifike ardhini, na ndiyo maana elimu hii ilisubiri roketi na setilaiti.

Jambo la kushika ni kwamba shimo jeusi lenyewe halitoi eksirei hizi. Kinachong'aa ni gesi iliyo katika hatua za mwisho za safari yake. Mng'aro ukibadilika, kilichobadilika ni kiasi cha gesi inayoingia, au namna inavyoingia.

3.0 Kupwita au Kumetameta?

Cygnus X-1 ilitambuliwa katika safari ya roketi mwaka 1964. Mwaka 1971 Minoru Oda na wenzake, wakitumia vipimo vya Uhuru, walitangaza kwamba mng'aro wake hupanda na kushuka katika muda usiofikia hata sekunde moja. Neno walilotumia katika kichwa cha makala yao linalingana na la Kiswahili mipwito. Chaguo hilo linaeleweka. Miaka michache nyuma, mwaka 1967, zilikuwa zimegunduliwa nyota zitoazo mipigo ya redio kwa utaratibu kamili. Mwaka huo huo wa 1971 Uhuru ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kina mpigo wa eksirei kila baada ya sekunde 4.8. Kila mmoja alitazamia kupata mpigo mwingine.

Katika Kiswahili, kitenzi pwita kina mwenyewe. Jipu hupwita, kidonda hupwita. Nyuma ya mpwito mna moyo, na moyo una mwendo wake. Asemaye kwamba Cygnus X-1 hupwita amesema kwamba mabadiliko yake yana kipindi maalumu, na tena kwamba kuna mwili unaobeba mpigo huo. Katika fizikia maana hiyo ni nzito. Mpigo wa kawaida wa eksirei hutokea pale nyota nyutroni inapozunguka ikiwa na doa la joto usoni mwake, na kila doa linapoelekea kwetu mng'aro hupanda. Shimo jeusi halina uso, na pasipo uso doa halina pa kukaa.

Mpigo huo ulitafutwa usipatikane. Mwaka 1972 James Terrell alionyesha kwamba vimweko vingi vya bahati nasibu, vikitokea bila mpango na kupandiana, vinaweza kutoa taswira ile ile iliyodhaniwa kuwa mipwito. Kwa hali hiyo, kitenzi kinachostahili ni metameta. Urudufishaji katika metameta hueleza tendo linalojirudia mara nyingi, pengi, pasipo hesabu ya vipindi, mfano wa jua la adhuhuri juu ya bahari yenye vijiwimbi. Hapo hapana moyo wala mwili wenye doa. Tofauti baina ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti baina ya nyota nyutroni na shimo jeusi. Si suala la ladha ya msemaji.

Kasi ya kumetameta huko ilikuwa na habari nyingine. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu hakiwezi kubadilisha mng'aro wake wote katika muda mfupi kuliko ule ambao nuru huhitaji kukivuka, kwani upande mmoja haungepata habari za upande wa pili. Nuru huhitaji zaidi ya sekunde 4 kulivuka jua. Chanzo kinachobadilika katika sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kupita sana upana wa kilomita 30,000. Roketi iliyorushwa mwaka 1973 iligundua katika Cygnus X-1 vimweko vya takriban milisekunde 1, ambayo ni mwendo wa kilomita 300 kwa nuru, pungufu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Wakati huo wanaastronomia walikuwa wamekwisha kutambua kwamba nyota mwenza, iitwayo HDE 226868, huzungushwa na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vimekadiria kwamba kitu hicho kina mata mara 21 ya jua letu. Mata ya majua 21 iliyo katika nafasi finyu kiasi hicho haina jina jingine linalojulikana ila shimo jeusi.

4.0 Kufifia na Kuzidi kwa Pamoja

Kati ya mwezi Machi na Aprili 1971, Uhuru iliona badiliko la aina nyingine, la polepole zaidi. Eksirei zenye nishati ndogo kutoka Cygnus X-1 zilipungua mara 4 hivi. Zile zenye nishati kubwa ziliongezeka takriban maradufu. Wakati huo huo mawimbi ya redio, ambayo hayakuwa yamesikika hapo kabla, yalianza kupokewa kutoka upande ule ule. Mawimbi hayo ndiyo yaliyowezesha mahali pa chanzo kujulikana kwa usahihi wa kutosha kuitambua nyota mwenza.

Basi je, mwaka 1971 Cygnus X-1 ilififia au ilizidi kuwaka? Swali hili lina mtego. Kitenzi kikisimama peke yake, majibu yote mawili ni kweli na yote mawili ni makosa. Sentensi haitimii mpaka itaje ni eksirei zipi. Hapo inahitajika istilahi ya kutenga aina mbili za miale, na desturi ya kufasiri neno kwa neno hutoa ngumu na laini. Laini haina tatizo. Lakini ugumu katika Kiswahili ni sifa ya jiwe au ya mtihani. Sifa ya miale hii ni kupenya, na Kiswahili kina kivumishi cha kitu kipenyacho: kisu kikali, jua kali. Eksirei kali na eksirei laini ni jozi inayofahamika bila kufafanuliwa, na humkumbusha mwanafunzi sababu ya tofauti yenyewe.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba eksirei laini hutoka katika sahani yenyewe, na eksirei kali hutoka katika wingu la gesi nyembamba yenye joto kubwa zaidi lililo karibu na shimo jeusi. Katika hali kali, wingu hilo hutawala, na pamoja nalo mkondo mwembamba wa chembe hurushwa nje ukatoa mawimbi ya redio. Katika hali laini, sahani hutawala na mkondo hufifia. Cygnus X-1 imeonekana ikihama kutoka hali moja hadi nyingine mara nyingi tangu wakati huo. Kwa hiyo kuhama ni kitenzi kingine kinachostahili kuingizwa katika orodha. Kinachohama si mahali pa nyota, bali ni utawala ndani ya mng'aro.

5.0 Mlipuko au Mwako?

Tarehe 15 Oktoba 1974 jukwaa lile lile la San Marco lilirusha setilaiti ya Uingereza, Ariel V. Mnamo tarehe 3 Agosti 1975 chombo hicho kiliona eksirei mahali ambapo awali palikuwa kimya, katika kundinyota la Monoceros. Katika siku chache chanzo hicho, A0620-00, kilipita hata Scorpius X-1, ambacho kwa kawaida ndicho king'aacho kupita vyote vya nje ya mfumo wa jua. Kisha kilififia kwa miezi kadhaa.

Tukio kama hili huitwa mara nyingi mlipuko. Lakini bomu likilipuka, bomu halipo tena. Nyota kubwa inayolipuka mwisho wa uhai wake husambaratika. A0620-00 haikusambaratika. Gesi ya nyota mwenza ilikuwa imelundikana katika sahani kwa miaka mingi, ikiwa baridi kiasi na ikisonga ndani kidogo mno. Ilipotimia kiasi fulani, joto lilipanda hadi atomu za haidrojeni zikaanza kupoteza elektroni zake. Msuguano ukaongezeka, na gesi iliyokuwa akiba ikateremka kwa wingi. Akiba ilipopungua, sahani ilipoa na kuanza kulundika upya. Mwenye kujua moto wa makumbi anaijua tabia hii: hukaa chini kwa chini, ukadhaniwa umezimika, kisha huwaka. Mwako, kwa hiyo, ni istilahi bora kuliko mlipuko, maana hubakiza uwezekano wa kuwaka tena.

Uwezekano huo unagusa hata viambishi vya njeo. Mwaka 1975 mtu angeweza kusema tu kwamba A0620-00 iliwaka. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa picha za kale za anga zilizohifadhiwa Harvard ulionyesha kwamba nyota hiyo hiyo iling'aa ghafla mwaka 1917, miaka 58 kabla. Kuanzia hapo ilikuwa halali kusema kwamba A0620-00 huwaka. Kiambishi cha hu-, ambacho mwanafunzi hufundishwa kuwa ni cha mazoea, kiligharimu sahani za kioo zilizotunzwa kabatini karibu miaka 60. V404 Cygni imekipata kwa ushahidi mwingi zaidi: iliwaka mwaka 1938, mwaka 1989 na mwaka 2015. Wakati wa utulivu ndipo nyota mwenza huonekana vizuri na mwendo wake kupimwa. Mwaka 1986 kipimo cha namna hiyo kilionyesha kwamba kitu kisichoonekana cha A0620-00 kina mata isiyopungua mara 3 ya jua, kiasi kinachokipita kile ambacho nyota nyutroni inaweza kuhimili.

6.0 Mdundo Unaoyumba

Imesemwa kwamba shimo jeusi halipwiti. Hata hivyo, baina ya mpwito na kumetameta kuna eneo la kati. Katika mwako wa jozi nyingi hutokea mabadiliko yanayokaribia kuwa na kipindi maalumu bila kukishika barabara. Huweza kuchukua sekunde kadhaa kwa mzunguko mmoja, au kutimiza mizunguko kadhaa kwa sekunde, na kasi yake huongezeka kadiri jozi inavyoelekea hali laini. Mfano wake ni mpiga ngoma ambaye mkono wake haupotei, ila mara huharakisha na mara huchelewa. Mdundo unaoyumba ni jina linalobeba sehemu zote mbili za habari: mdundo upo, na hautulii. Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba gesi ya ndani hupepesuka kama pia iliyoinama, kwa kuwa shimo jeusi linalozunguka hukokota nafasi yenyewe iliyo kando yake.

Setilaiti ya Rossi, iliyofanya kazi kuanzia mwisho wa 1995 hadi Januari 2012, ndiyo iliyofungua ukurasa huu. Katika jozi ya GRO J1655-40 ilipata mdundo wa takriban mara 450 kwa sekunde, kasi inayowezekana tu kwa gesi inayozunguka pembezoni kabisa mwa shimo jeusi. Katika GRS 1915+105, iliyogunduliwa mwaka 1992 na kuendelea kung'aa hadi ilipofifia mwaka 2018, watafiti waliainisha mwaka 2000 namna 12 za kubadilika. Mojawapo hujirudia kila baada ya sekunde 50 hivi, ikipanda polepole na kushuka ghafla, na imefananishwa na mchoro wa mapigo ya moyo. Mfano huo unafaa kwa umbo la mchoro, wala usichukuliwe kama sababu. Sahani ya ndani hujaa na kumwagika, hujaa na kumwagika; na kitenzi mwagika hueleza zaidi kuliko moyo.

7.0 Kubebana

Imebaki kurejea kwenye metameta, kwani nacho hakikusalimika. Vimweko vinavyometa kila kimoja kivyake hujumlishwa. Ikiwa ni hivyo, ukubwa wa kupanda na kushuka kwa sekunde hii haupaswi kutegemea kama mng'aro wa wastani uko juu au chini. Mwaka 2001 Uttley na McHardy walionyesha kwamba unategemea. Katika Cygnus X-1, kila wastani wa mng'aro unapopanda, mitikisiko ya haraka nayo hukua kwa uwiano ule ule. Mabadiliko hayo hayajumlishwi, yanazidishana.

Sababu inayotolewa ni kwamba mtiririko wa gesi hutikisika katika kila sehemu ya sahani. Mbali na shimo jeusi mitikisiko ni ya polepole. Karibu nalo ni ya haraka. Gesi inapozama ndani huja na mitikisiko ya nje, na ile ya ndani huongezwa juu yake. Wavuvi wanaujua mpango huu. Maji hujaa na kupwa kila siku, lakini wakati wa bamvua hujaa zaidi na kupwa zaidi, na wakati wa maji mafu tofauti hupungua. Badiliko la polepole limelibeba la haraka na kulipa kipimo chake.

Hapa mnyambuliko wa Kiswahili unatoa msaada. Urudufishaji wa metameta huorodhesha vimweko vilivyo huru. Kauli ya kutendana huvifunga pamoja: kubebana, kama watoto njiani, mkubwa akimchukua mdogo mgongoni, na mdogo akienda popote mkubwa aendapo. Mabadiliko ya kubebana ni istilahi inayotaja sababu ndani ya umbo lake. Kumetameta kunabaki kueleza kile ambacho jicho la setilaiti huona. Kubebana hueleza kile kinachokifanya kionekane. Maneno yote mawili yahifadhiwe, kila moja mahali pake.

8.0 Hitimisho

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili si changa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa inaanzia mbali zaidi. Kazi hizo zimeegemea nomino, na pana sababu njema: kitu sharti kipewe jina kwanza. Lakini nomino haitoshi kufikiria. Mwanafunzi aliyekwisha kupewa shimo jeusi na eksirei amepewa watu wa hadithi bila tukio lolote. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania mtoto huanza sayansi kwa Kiswahili. Katika sekondari huivuka akaingia Kiingereza. Akivuka akiwa na majina tu, anaacha nyuma uwezo wake wa kutofautisha kupwita na kumetameta, kulipuka na kuwaka, iliwaka na huwaka. Uwezo huo aliupata nyumbani, na ndio hasa unaotakiwa maabarani.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanatolewa. La kwanza, istilahi ya tukio ipendekezwe kama kitenzi ndani ya sentensi kamili, si kama nomino iliyo peke yake katika safu ya jedwali. La pili, sentensi hiyo iwekwe mbele ya mtaalamu wa fani, aulizwe ni kipimo gani kingeifanya iwe ya uongo. Istilahi ambayo haiwezi kukosolewa na kipimo chochote haisemi kitu.

Huenda kubebana nako kutakosolewa siku moja, kama mpwito ulivyokosolewa mwaka 1972. Ikitokea, lugha haitakuwa imeshindwa. Itakuwa imefanya kazi ya sayansi, ambayo ni kusema jambo waziwazi kiasi cha kuweza kusahihishwa.